Mdogo wako asiikariri hiyo hotuba, amuelezee kwanza mtu wa nyumbani

Salaam dada. Swali lako nimelisoma jana usiku nikasema hili silijibu kwa mistari miwili. Kwa wanaopita hapa, dada anauliza hivi: mdogo wake wa kiume yuko kidato cha tatu, ametengeneza kifaa cha kuwasha pampu ya maji shambani kwa simu, amechaguliwa kwenda kuwasilisha kwenye kongamano la teknolojia Nairobi na zimebaki wiki tatu. Kila akisimama mbele ya watu sauti inakatika na karatasi inamtetemeka mkononi, na shuleni wamemwandikia hotuba ya kurasa nne kwa Kizungu wakamwambia aikariri neno kwa neno.

Mi niko Malindi, nafundisha fizikia na kompyuta sekondari, na mwaka wa saba huu kila Jumamosi asubuhi nakaa na wanafunzi wenye miradi nawafanyisha mazoezi ya kuongea. Hizo kurasa nne ziwekeni kando leo. Simaanishi walimu wake wamekosea kwa ubaya, wamemtakia mema, lakini mtoto aliyekariri hana mradi kichwani, ana maneno, na maneno yamepangana kama tasbihi, uzi ukikatika mahali pamoja punje zote ziko chini. Nayajua haya manake yalinipata. Nikiwa mwaka wa pili chuoni nilisimama mbele ya ukumbi na hotuba nimeihifadhi kama juzuu, dakika ya tatu neno moja likanitoka, nikarudi mwanzo wa aya, likanitoka tena palepale, nikarudi tena. Watu waliniangalia kwa huruma na hiyo huruma ndio iliniuma zaidi. Na mradi wenyewe nilikuwa naujua ndani nje, ungenishika barazani usiku ukaniuliza ningekueleza mpaka adhana ya alfajiri.

Sasa nikueleze ninachofanya mimi, halafu utachukua kinachomfaa.

Miaka mitatu iliyopita nilikuwa na binti mmoja wa kidato cha tatu kama huyo mdogo wako, mkimya mno. Alikuwa na kifaa cha kupima chumvi kwenye maji ya kisima. Wenyeji wa huku wanalijua hili tatizo, visima vyetu vingi vya karibu na pwani maji yake yana chumvi, manake maji matamu chini ya ardhi yamekaa juu ya maji ya bahari kwa vile ni mepesi, ukiyavuta kupita kiasi yale ya chumvi yanapanda. Kifaa chake kilikuwa rahisi, vijiti viwili vya kaboni alivyovitoa kwenye betri kuukuu za tochi, bodi ya Arduino, yaani kijikompyuta kidogo cha kusoma vipimo, na taa tatu, maji yakiwa na chumvi nyingi umeme unapita vizuri zaidi, namba inapanda, taa nyekundu inawaka. Mwanzo alitumia misumari ikawa inaliwa na kutu na namba zinahama kila siku, akahangaika mwenyewe mpaka akagundua kaboni. Mtoto ana akili. Lakini akisimama kuongea anatazama sakafu na kusoma Kizungu ambacho hata mimi mwalimu wake sikielewi.

Nikamwambia wiki hii hatuna mazoezi hapa, nenda na kifaa nyumbani, mkalishe nyanyako umuelezee kwa Kiswahili chenu cha kila siku, umpimie maji yake, Jumamosi usiniletee hotuba, niletee maswali aliyokuuliza.

Akaenda. Nyanya yuko jikoni na uteo wa mchele mapajani anachagua mawe, akasikiliza yote halafu akamwambia, "Maji yangu mie hayana chumvi mjukuu wangu, matamu haya, nayanywa tangu nilipoolewa." Mtoto akateka kata moja ya maji ya kisima akatia vijiti, taa nyekundu ikawaka. Nyanya akasema hicho kidude chako kibovu. Ikabidi binti atoke uani akachote maji ya mvua yaliyokingwa kwenye pipa, akatia vijiti, ikawaka ya kijani, nyanya akayaonja akakunja uso, "Haya hayana ladha kabisa!"

Jumamosi yule mtoto alinisimulia haya amesimama, mikono inaenda, ananitazama usoni, anaiga sauti ya nyanyake. Nikamwambia basi hilo ndilo wasilisho lako, hivyohivyo ulivyonieleza. Tukakaa kulitia Kizungu sentensi moja moja, na kila sentensi iliyoingia ni ile aliyokuwa tayari anaimiliki kwa Kiswahili. Hii dada ndio nataka uishike kuliko yote. Watoto wetu hawashindwi na uoga peke yake, wanashindwa kwa sababu tunawapa kazi mbili kwa mpigo, kufikiria jambo na kutafuta lugha, wakati lile jambo hawajawahi kulisema kwa mdomo wao kwa lugha wanayoota nayo. Aliseme kwanza kwa Kiswahili mpaka mtu asiyejua kitu aelewe na abishane naye, ndio aingie Kizungu, na hicho Kizungu kiwe chepesi. Majaji hawampimi matamshi.

Akariri sentensi mbili tu, ya kwanza na ya mwisho. Moyo unakwenda mbio zaidi pale mwanzo, mdomo unakauka, mikono inatoa jasho, huo ni mwili unajiandaa kama unavyojiandaa kukimbia, sio dalili kwamba hawezi, na kwa wengi ile fujo inapungua dakika ya kwanza au ya pili ikipita. Kwa hiyo sentensi ya kwanza iwe ngumu kama nguzo ya kushika mpaka mawimbi yatulie. Na isiwe maana ya neno kutoka kamusi. Nilikuwa na kijana wa Ngomeni mwenye wazo la kuwatumia wavuvi habari za upepo na mawimbi kwa ujumbe wa simu, hotuba yake ilianza na maana ya teknolojia ya habari, watu walilala kabla hajafika kwa wavuvi. Tukaibadilisha akawa anaanza hivi: kwetu Ngomeni, kwenye majukwaa ya Waitaliano ya kurushia roketi yaliyo baharini, ndiko iliporushwa setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani, ikapewa jina hilo kwa vile ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, na leo hii babangu kabla ya kutoka baharini bado anatazama mawingu. Basi. Ukumbi wote ulinyamaza. Mdogo wako naye shamba ni la nani? Nani alikuwa anaamka usiku kwenda kuzima pampu? Aanze na huyo mtu.

Suala la macho. Wengi wetu tumelelewa kwamba mtoto hamkazii macho mtu mzima, akisemeshwa anainamisha kichwa, na hiyo ni adabu nzuri sitaki mtoto wangu aipoteze, lakini jaji wa Nairobi anaiona anadhani mtoto hajiamini au ameandikiwa kazi na mtu mwingine. Msimkemee, wala msimwambie "kaza macho" peke yake kama walivyokuwa wakituambia sisi. Mimi nawaambia chagua watu watatu, mmoja kushoto mmoja katikati mmoja kulia, kila mmoja mpe sentensi nzima ndio uhamie kwa mwengine, na macho yakiwa mazito mtazame kwenye paji la uso, yeye hatajua. Kwa mabinti hili ni zito zaidi, linataka wiki mbili za taratibu. Na nikiwa bado kwa mabinti, maiki ya kubana nguoni inakwaruzana na mtandio ukumbi mzima unasikia kishindo tu, aombe ya kushika mkononi, au aibane juu ya mtandio sio chini yake, na ajaribu kabla watu hawajaingia.

Pumzi nazo tusiende kutafuta mbali. Watoto wetu wengi wamesoma madrasa, wamesimama kwenye maulidi wakasoma kasida mbele ya mamia ya watu bila kutetemeka. Ukisoma kasida unajua pa kuvuta pumzi, unajua pa kunyamaza. Mkumbushe hilo kama amepitia huko, mwambie ile sauti ya kule ndio ailete huku. Yule binti nilipomwambia hivyo alishangaa, hakuwa amefikiria kama ni kitu kimoja.

Muda. Kizungu cha kuongea kwa utulivu ni kama maneno 130 mpaka 150 kwa dakika, kwa hiyo akipewa dakika tano hana zaidi ya maneno 750, na hizo kurasa zake nne bila shaka zimepita hapo mbali, ndio maana anakimbia na pumzi zinamwishia. Na kama shuleni watakataa kupunguza waambieni Chuo Kikuu cha Queensland kule Australia mwaka 2008 walianzisha mashindano ambayo mwanafunzi wa shahada ya uzamivu (PhD) anaeleza utafiti wake wa miaka kwa dakika 3 na slaidi 1, na yameenea dunia nzima. Mi natumia vitambaa vitatu, kijani, njano na nyekundu, nakaa nyuma ya darasa nanyanyua kimoja kimoja muda ukisonga, nimeiga kwa wale wa Toastmasters, chama cha kujifunza kuongea hadharani kilichoanzia California mwaka 1924, wao wanatumia taa.

Slaidi sitasema mengi. Herufi ziwe kubwa, chini ya saizi 30 mtu wa nyuma hasomi, picha moja kila slaidi, na asisome ukutani.

Namba ndio nasisitiza. Bodi ya yule binti ilikuwa inatoa namba kati ya 0 na 1023 na alitaka kusema "kisima cha kwanza 412, cha pili 655", nikamuuliza 655 ya nini, nani anaijua? Tukazileta kwa vijiko. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35, karibu vijiko sita vya chai, akawa anamwaga vijiko sita kwenye kikombe mbele ya watu halafu anasema kisima chetu kimekaa wapi kati ya hapa na maji ya mvua. Mdogo wako asiseme pampu inaokoa lita kadhaa, aseme ni madumu mangapi ya lita 20.

Na kifaa kionekane kikifanya kazi. Elisha Otis aliyeunda breki ya lifti, mwaka 1854 kule New York alipanda juu ya jukwaa la lifti yake mbele ya watu akaamuru kamba ikatwe, lifti ikashika ikabaki palepale, hakukuwa na haja ya hotuba tena. Lakini vifaa vyetu vinasafiri usiku kucha kwenye basi kutoka huku mpaka Nairobi, nyaya zinalegea. Arekodi vidio kwa simu kifaa kikiwasha pampu shambani, aiweke kwenye simu na kwenye flashi, asitegemee intaneti ya ukumbini hata kidogo. Kisipowaka siku hiyo asiombe radhi mara tano, aseme "hiki hapa kilivyofanya kazi shambani Jumanne" aonyeshe vidio aendelee. Na mfike siku moja kabla ili alale.

Sasa maswali, hapa ndipo watu wanapata au wanakosa. Mazoezini mimi nawapa dakika tano za kuongea na ishirini za kuulizwa. Afundishwe kurudia swali kwa maneno yake kabla ya kujibu, linampa nafasi ya kufikiri na ukumbi nao unasikia. Akiulizwa asichokijua aseme "hilo bado sijalipima, ningelipima hivi", majaji wanaheshimu hilo kuliko kubabaisha. Wataulizia pia amejaribu mara ngapi, kwa hiyo kama kifaa amekijaribu mara moja tu arudi shambani akijaribu mara kumi na aandike daftarini, pamoja na zile kilizokataa.

Siku ya yule binti, jaji mmoja mtu mzima alimkatiza katikati, akamwambia, lakini mwanangu, kwani ulimi wangu umefanya nini, si nitaonja tu nijue kama yana chumvi? Nilikuwa nimekaa safu ya nyuma, roho juu, manake swali hilo hatukuwahi kulifanyia mazoezi. Akanyamaza kidogo, akavuta pumzi, akamtazama yule mzee usoni. Akamwambia nyanyangu ameyanywa maji haya tangu alipoolewa, ulimi wake umeyazoea, anasema ni matamu, na maji ya mvua anasema hayana ladha. Akatia vijiti kwenye kikombe cha kwanza, nyekundu. Cha pili, kijani. Yule jaji akainuka kitini akaja kuvitazama vikombe kwa karibu.

Wiki tatu zinamtosha mdogo wako dada. Anza leo baada ya chakula, mwambie amueleze mama yenu hiyo pampu, bila karatasi, wewe kaa pembeni uandike kila swali mama anauliza na usimkosoe hata neno moja. Halafu yaweke hapa hayo maswali, tutayapitia moja moja pamoja nanyi.