Maswali ya Wasomaji: Tovuti ya mchoraji

SWALI: Mhariri, habari za kazi. Nachora Tingatinga hapa Dar es Salaam, rangi ya mafuta juu ya hadibodi. Wateja huniomba anwani ya mtandaoni nami nina Instagram tu. Nilijaribu kutengeneza tovuti ya bure, lakini picha zina weupe unaong'aa katikati na kurasa zinachelewa kufunguka. Nimekosea wapi?
– Mchoraji, Msasani

JIBU: Ndugu mchoraji, kosa la kwanza lilitokea kabla hujagusa tovuti. Rangi ya mafuta ikikauka huwa kama kioo. Ukiegemeza ubao ukutani ukalala kidogo, unatazama juu, na ule weupe ni anga. Usimamishe wima kabisa, kivulini. Saa tatu au saa nne asubuhi ukuta wa magharibi wa nyumba unafaa, maana jua bado liko upande wa pili. Tundika shuka jeusi nyuma yako, vaa nguo za giza, zima flashi. (Shati jeupe la mpiga picha huonekana vizuri mno kwenye ubavu wa tembo mweusi.) Simu iwe usawa wa katikati ya mchoro, la sivyo mraba wa sentimita 60 kwa 60 utatoka mpana juu na mwembamba chini, au kinyume chake. Rudi nyuma kama mita 2 kisha uivute picha karibu (zoom) mara mbili, kwani lenzi ya simu ikiwa karibu hupinda kingo.

Kuchelewa kunatokana na uzito. Picha moja ya simu mara nyingi hufika megabaiti 4 au 5. Zikiwa 20, mteja anamaliza bando la megabaiti 100 kwa kukutembelea mara moja tu. Punguza upande mrefu uwe pikseli 1200 (pikseli ni nukta zinazounda picha), hifadhi kama JPEG kwa ubora wa asilimia 80. Kila picha itashuka hadi karibu kilobaiti 300, zote 20 megabaiti 6. Udogo huo ni ulinzi pia: pikseli 1200 zikichapwa kwa ubora wa kitabu hutoa picha ya sentimita 10 tu, na mwizi akitaka bango litatoka na ukungu. Kuandika jina lako kubwa katikati ya mchoro hatukushauri; linamwudhi mnunuzi kuliko linavyomzuia mwizi. Picha kubwa za awali zitunze. Ukizihamishia kompyuta kwa WhatsApp, zitume kama dokumenti, maana zikienda kama picha hubanwa.

Tovuti yenyewe ni kazi ya jioni moja. Google Sites ni bure na inahitaji akaunti ya Gmail tu. Weka kazi 15 hadi 20 ulizo tayari kuzitetea, si 80. Chini ya kila moja andika jina, mwaka, rangi na ubao, urefu kwa upana, na kama imeuzwa. Zilizouzwa usizifute, zinaonyesha kwamba watu hununua. Faili nalo lipe jina la mchoro badala ya namba za kamera, kwa kuwa mitambo ya kutafuta husoma maneno. Kiungo cha WhatsApp ni wa.me/255 kikifuatiwa na tarakimu 9 za namba yako. Wengi huiandika pia ile 0 ya mwanzo, na kiungo hakifunguki. Instagram usiifunge, itumie kuwaelekeza watu huku.

SWALI: Fundi wangu wa tovuti anataka kusajili anwani ya tovuti yangu, inayoishia na .co.tz, kwa jina lake ili anirahisishie. Nikubali?
– Mchongaji, Mwenge

JIBU: Usikubali. Jina la tovuti hulipiwa upya kila mwaka, na taarifa za malipo huenda kwenye barua pepe ya aliyesajili. Fundi akibadili namba au mkikosana, anwani iliyochapwa kwenye kadi zako inabaki mikononi mwake. Lisajili kwa jina na barua pepe yako, kisha mpe fundi ruhusa ya kuingia kufanya kazi.