Mpindue ng'ombe wako sikio

Mtamba wangu wa kwanza alikufa bila kukanyaga malisho hata siku moja. Alizaliwa bandani, migombani kwetu Machame, mlimani Kilimanjaro, akala na kunywa humo humo. Ndiyo maana alipoanza kuzira majani sikuwaza habari ya kupe, nikasema ni mafua. Daktari wa mifugo alipofika alimpapasa chini ya sikio, mtoki, yaani tezi ya hapo, umevimba kama yai la kuku. Kisha akalipindua sikio: kupe wa kahawia wamejazana kwenye manyoya ya ndani, wakubwa kwa wadogo. Akasema ni ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe. Usiku povu likamtoka puani, na alfajiri tukamkuta amekufa.

Kupe wale niliwaleta mwenyewe. Huku mlimani ardhi ni finyu, majani tunayafuata tambarare wanakochungia watu ng'ombe. Kupe mwenye njaa hupanda kwenye jani akamngoja mnyama apite; ukilikata na kulifunga mzigo, umempandisha naye hadi horini.

Siku hizi kila jioni, kabla sijakamua, napitisha kidole ndani ya masikio yote. Nikimkuta kupe namng'oa, namtia kwenye kopo la mafuta ya taa. Hili si jambo dogo: vimelea vya ndigana kali huhitaji siku 3 au 4 za kupe kunyonya ndipo vikomae mwilini mwake. Ukimwahi, umemwokoa ng'ombe. Kunyunyizia dawa nafanya kila wiki, kwa kipimo cha kwenye chupa, na naanzia masikioni na chini ya mkia, sehemu ambazo wengi huziruka wakamalizia dawa yote mgongoni.

Na chanjo ipo, tafadhali msiipuuze. Ndama huchanjwa mara moja tu, pamoja na sindano ya oksitetrasiklini, dawa ya antibiotiki. Chanjo hutunzwa ikiwa imegandishwa, na pakiti moja hutosha ndama wengi; ikishayeyushwa lazima itumike siku hiyo hiyo, kwa hiyo jikusanyeni majirani mumwite daktari kwa pamoja. Ila kuogesha kwa dawa kunaendelea, maana chanjo hiyo haizuii magonjwa mengine ya kupe, ndigana baridi wala mkojo wa damu.

Ng'ombe akizira majani na mwili una moto, mwite daktari siku hiyo hiyo. Sindano ya buparvakwoni, dawa ya kutibu ndigana kali, husaidia ikiwahi. Mimi nilingoja siku 3.