Zima anwani ya zamani kabla hujasema umehama

Nilipohamisha tovuti yangu ya masimulizi ya wazee wa Tanga kwenda domeni mpya (jina jipya la tovuti mtandaoni), kazi iliisha kwa siku moja. Picha zikaonekana, sauti zikacheza, ramani ya mitaa ikafunguka. Nikajipongeza kwa mishikaki. Miezi minne baadaye, usiku, mama mmoja anayeishi Maskati, ambaye husikiliza masimulizi yale akiwa jikoni, alinitumia ujumbe wa sauti WhatsApp: "Mwanangu, mbona wazee wako wamenyamaza wote?"

Nikafungua. Kila kicheza sauti kilikuwa kimeganda kwenye 0:00. Picha zimekuwa visanduku vitupu. Siku hiyo akaunti yangu ya hosti ya zamani, yaani kampuni iliyokuwa ikihifadhi tovuti, ilikuwa imeisha muda, nami nilikuwa nimeiacha iishe kwa hiari yangu, nikiamini sina changu tena kule. Kumbe kurasa zilihama, lakini linki zilizomo ndani yake zilibaki zilezile. Sauti na picha zilikuwa bado zinavutwa kutoka nyumba ya zamani, na kwa miezi minne nilikuwa nikitazama vya kule nikidhani ni vya huku.

Ukiweka picha au sauti ndani ya makala ya WordPress, mfumo wa kuendeshea tovuti ninaoutumia, mfumo huandika anwani yake nzima, kuanzia http hadi jina la faili. Ukienda kwenye mipangilio ukabadilisha anwani ya tovuti, unabadilisha maandishi mawili tu kwenye hifadhidata, siteurl na home. Makala zenyewe hazijaguswa. Na maadamu seva ya zamani ingali hai, brauza itafuata faili kule kimyakimya na kukuletea. Hutaona kosa lolote.

Kwa hiyo kabla ya kukutajia programu yoyote, ushauri wangu ni huu: iue anwani ya zamani kwenye kompyuta yako mwenyewe, ukiwa bado una uwezo wa kuifufua. Fungua faili liitwalo hosts (kwenye Linux na Mac lipo /etc/hosts, kwenye Windows lipo C:\Windows\System32\drivers\etc) na uongeze mstari huu:

127.0.0.1 zamani.example www.zamani.example

Badala ya zamani.example weka domeni yako ya zamani. Sasa kompyuta yako ikiulizwa ilipo domeni ile, itajitazama yenyewe na kukosa kitu. Futa kashe (nakala ambazo brauza imejihifadhia), fungua tovuti mpya kwenye dirisha la faragha, bonyeza F12 kufungua zana za brauza, uangalie sehemu ya mtandao (Network). Kila kilichoandikwa kwa rangi nyekundu na jina la zamani ni deni lako. Fanya hivyo kwenye ukurasa wa mwanzo, kwenye makala ya juzi, na hasa kwenye makala kongwe kuliko zote, kwa sababu huko ndiko uchafu ulikojificha. Ukimaliza ufute ule mstari, la sivyo utakuja kusahau na kuhangaika bure.

Kusafisha ndiko nilikopoteza wiki nzima. Nilidhani ni suala la kutafuta neno na kubadilisha, kama kwenye barua. Lakini anwani moja huvaa nguo nyingi. Ipo yenye http na yenye https. Ipo yenye www na isiyo nayo. Ipo inayoanza na mikwaju miwili tu, //zamani.example. Ukitumia Elementor, programu ya kupangia kurasa za WordPress, utaikuta imeandikwa http:\/\/zamani.example, kila mkwaju umetanguliwa na mkwaju wa nyuma, kwa sababu Elementor huhifadhi kurasa kwa mtindo wa JSON, namna moja ya kuandika data. Utafutaji wa kawaida unaipita bila kuiona. Nashukuru Elementor wenyewe wameweka kifaa cha kubadilisha URL kwenye sehemu yao ya zana. Na mimi nilikuwa na kicheza sauti cha kizamani kilichopokea faili kupitia iframe (ukurasa uliopachikwa ndani ya ukurasa mwingine), humo anwani ikawa http%3A%2F%2Fzamani.example. Hiyo ndiyo ilinichelewesha kuliko zote.

Kwa papara nikaamua kukata mzizi wa fitina: nikabadilisha jina tupu la domeni, bila http wala nini, kila lilipo. Linki zikapona. Lakini barua pepe ya mawasiliano nayo ikabadilika kuwa ya domeni mpya, ambako sikuwa nimefungua sanduku la barua. Sijui ni wangapi waliniandikia wiki ile.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi. Nililifanya moja kwa moja ndani ya phpMyAdmin, chombo cha kuhariri hifadhidata, kwa amri ya REPLACE. WordPress huhifadhi baadhi ya mambo, mfano wijeti na mipangilio ya mandhari, kwa namna inayohesabu herufi. Utakuta kitu kama s:21:"http://zamani.example", yaani maandishi ya herufi 21. Ukibadilisha kuwa https://mpya.example, herufi zimebaki 20 lakini hesabu bado inasema 21. PHP, lugha inayoendesha WordPress, ikikuta hesabu haitimii, inalikataa fungu zima. Wijeti zangu zote zikatoweka, na menyu ya pembeni nayo. Nilirudisha nakala ya hifadhidata niliyochukua asubuhi ile. Kama nisingekuwa nayo, leo ningekuwa naandika habari nyingine.

Tumia kifaa kinachoijua hesabu hiyo. Kama una njia ya kuingia kwenye seva kwa SSH, yaani kwa kuandika amri ukiwa mbali, basi WP-CLI, programu ya kuongoza WordPress kwa amri, inatosha:

wp search-replace 'http://zamani.example' 'https://mpya.example' --all-tables-with-prefix --skip-columns=guid --dry-run

Hilo dry-run mwishoni linakuonyesha ni sehemu ngapi zitabadilika bila kugusa kitu. Ukiridhika, liondoe uendeshe tena, kisha rudia kwa kila vazi la anwani nililotaja juu. Safu ya guid iache ilivyo: ni kitambulisho cha makala, na ukiibadilisha, programu za kusomea milisho (RSS, zinazomletea msomaji makala mpya) zitadhani makala zako za zamani zote ni mpya na kuwamwagia wasomaji upya. Asiye na SSH atumie plagini (programu ya kuongezea WordPress uwezo) ya Better Search Replace, nayo ina jaribio la namna hiyohiyo.

Kuna jambo ambalo hakuna plagini itakayokuambia. Sauti zangu za miaka ya mwanzo sikuzipitishia kwenye maktaba ya WordPress. Zilikuwa nzito, nikazipandisha kwa FTP, njia ya kutuma faili moja kwa moja kwenye seva, kwenye folda niliyoiita /sauti/, nje kabisa ya wp-content/uploads. Plagini ya kuhamishia ilibeba maktaba, folda ile haikuijua. Kwa hiyo hata baada ya linki kusahihishwa, zilikuwa zinaelekeza mahali pasipo na kitu. Kabla hujafunga akaunti ya zamani, ingia kwenye kidhibiti faili uangalie kwa macho yako kila folda usiyoikumbuka.

Video za YouTube hazina shida, zinatambulika kwa vitambulisho vyao na hazijali ziko kwenye ukurasa wa nani. Ila kama video zako za Vimeo umeziwekea ruhusa ya domeni fulani tu, ongeza ile mpya. Vivyo hivyo ufunguo wa Google Maps uliofungwa kwa anwani ya tovuti. Na ukiona aikoni zimegeuka visanduku ilhali picha ziko sawa, shuku fonti: brauza hukataa fonti kutoka domeni nyingine isiyotoa kibali.

Akaunti ya hosti unaweza kuifunga, domeni ya zamani usiiachie haraka. Ielekeze kwa 301 (uelekezaji wa kudumu) kwenye mpya; Google wanashauri uelekezaji huo udumu angalau mwaka 1. Mimi naona hata huo ni mfupi. Domeni ukiiacha, mtu mwingine anaweza kuinunua, na kila linki uliyoisahau itavuta atakachoweka yeye, ndani ya ukurasa wenye jina lako. Mimi bado nailipia ile yangu.

Sauti za folda ile nilizipata karibu zote kwenye diski yangu ya nje. Zilikosekana tatu. Moja ya hizo alinirudishia yule mama wa Maskati, alikuwa ameipakua kwenye simu yake zamani. Mbili bado nazitafuta.