Picha imekamilika, faili halitoki: majibu ya maswali yenu

Maswali mengi niliyopokea safari hii yanafanana. Mtu amekaa na picha saa nzima mpaka ameridhika nayo, anabonyeza kitufe cha kueksipoti, yaani kuitoa picha kama faili jipya, halafu inakuja meseji ya kosa, au faili linatoka likiwa bovu. Inaumiza, na naelewa kwa nini wengi wenu mmeandika mkiwa mmekata tamaa.

Kabla sijaanza kujibu, naomba mshike jambo moja. Unapohariri, unachokiona kwenye skrini mara nyingi ni nakala nyepesi ya kutazamia tu. Ukieksipoti, programu inaanza kazi upya: inasoma faili la asili, inakokotoa marekebisho yako yote kwenye kila pikseli (zile nukta ndogo za rangi zinazounda picha), kisha inaandika faili jipya mahali ulipochagua. Kusoma, kukokotoa, kuandika. Ukishajua ni hatua ipi iliyokwama, nusu ya kazi imekwisha. Na mara chache sana dawa huwa ni kufuta programu na kuisakinisha upya, ingawa huo ndio ushauri wa kwanza watu wengi wanaopewa.

Mwalimu, nimeeksipoti picha 400 kutoka Lightroom Classic. Zimetoka 371, zilizobaki nimepewa orodha yake ikisema faili halipatikani. Mbona picha zenyewe naziona?

Unaziona kwa sababu Lightroom, programu ya kupanga na kuhariri picha, haihifadhi picha zako ndani yake. Inachohifadhi kwenye kataloji, yaani daftari lake la kumbukumbu, ni maelezo ya picha, marekebisho yako, nakala ya kutazamia, na anwani ya mahali faili la asili lilipo. Ukilihamisha faili, au ukibadilisha jina la folda nje ya Lightroom, anwani inabaki ile ya zamani. Nakala ya kutazamia itaendelea kuonekana vizuri tu, lakini ikifika hatua ya kusoma, programu inabisha hodi kwenye nyumba isiyo na mtu.

Tazama picha hizo 29 kwa makini, utaona alama ya mshangao kwenye kona. Ibonyeze, uielekeze programu mahali faili lilipo sasa, na uruhusu itafute na nyingine zilizo jirani. Kama ni folda nzima iliyohama, itakuwa na alama ya kuuliza kwenye orodha ya folda. Bonyeza kitufe cha kulia cha mausi juu yake uioneshe ilipo, na picha zote zitarudi kwa pamoja. Angalia pia kama diski ya nje imechomekwa. Hilo hutokea hata kwa watu wenye uzoefu.

Kuna hatari nyingine hapa isiyopiga kelele. Kama ulitengeneza zile nakala ndogo erevu za Lightroom (Smart Previews), programu inaweza kueksipoti kwa kuzitumia wakati faili la asili halipo. Nakala hizo zina pikseli 2560 tu upande mrefu. Kwa simu zinatosha kabisa, ila kwa chapisho kubwa la ukutani utajutia. Hakikisha ukubwa wa faili uliloeksipoti kabla hujalipeleka kuchapwa.

Photoshop inasema diski za muda zimejaa. Nina RAM (kumbukumbu ya kazi ya kompyuta) ya GB 16 na picha ni moja tu, haina hata leya (tabaka za ziada juu ya picha). Ilianza nilipojaribu kuikata iwe mraba.

Asante kwa kuitaja hiyo sentensi ya mwisho, maana jibu limo humo.

Kwa kawaida kosa hili ni la hatua ya kukokotoa. RAM ikijaa, Photoshop humwaga ziada kwenye diski, na usipoipangia humwagia kwenye diski ile ile yenye mfumo wa kompyuta. Picha ya pikseli 6000 kwa 4000, katika biti 16 (baiti 2 kwa kila moja ya rangi tatu), hula takriban MB 144 kwa leya moja iliyojaa. Weka leya 20 na historia ya hatua zako, utafika gigabaiti kadhaa bila kushtuka. Mwenye tatizo la aina hiyo afungue nafasi kwenye diski, au aingie kwenye mapendeleo ya programu achague diski nyingine yenye nafasi, ila si flashi. Programu ikigoma hata kufunguka, shikilia Ctrl na Alt (kwenye Mac ni Command na Option) wakati inawaka, nayo itakupa nafasi ya kubadilisha diski.

Wewe lakini una picha moja isiyo na leya. Fungua zana ya kukatia utazame vile visanduku vya upana na urefu juu ya skrini. Ninaamini utakuta umeandika 800 na 800, na pembeni yake si pikseli bali ni inchi. Piga hesabu: inchi 800 kwa pikseli 300 kila inchi ni pikseli 240,000 kila upande. Hiyo ni picha ya pikseli bilioni 57.6, ambayo kwa baiti 3 kila pikseli inataka zaidi ya GB 170. Hakuna RAM ya GB 16 itakayobeba mzigo huo. Futa vipimo hivyo, andika 800 ikifuatiwa na px, na kosa litaondoka bila kugusa diski yoyote.

Flashi yangu ina GB 60 tupu, lakini faili la TIFF la GB 5 linakataa kuandikwa.

Flashi yako imefomatiwa kwa FAT32, mfumo wa kupanga faili kwenye diski usiokubali faili moja kufikia GB 4 hata kama nafasi ipo tele. Hamisha vilivyomo kwanza, kisha uifomati kwa exFAT. Kompyuta za Windows na Mac zote huisoma na kuiandikia.

Na kwa kuwa umetaja faili kubwa, niwaambie wapenzi wa panorama kwamba fomati, yaani aina za faili za picha, nazo zina ukomo wake. JPEG haivuki pikseli 65,535 kwa upande mmoja. PSD, faili la kazi la Photoshop, inaishia pikseli 30,000, na ndiyo maana Photoshop hukutaka utumie PSB, inayofika 300,000. TIFF ya kawaida nayo ina ukomo wa GB 4, kwa hiyo hata baada ya kubadilisha flashi, angalia programu yako imeandika TIFF ya aina gani.

Rangi ni kali na nzuri nikiwa nahariri. Nikituma kwenye simu, ngozi za watu zimepauka kama zimepakwa majivu. Nimeongeza rangi mara tatu, bado.

Pole sana, na tafadhali usiongeze tena. Marekebisho yako hayana kosa.

Ndani ya faili, rangi ni namba tatu: nyekundu, kijani, bluu. Namba hizo peke yake ni kama namba ya nyumba bila jina la mtaa. Nyumba namba 120 ipo katika kila mtaa. Jina la mtaa ndilo tunaloliita nafasi ya rangi: sRGB iliyobuniwa na HP na Microsoft mwaka 1996, Adobe RGB ya mwaka 1998, au ProPhoto RGB iliyo pana kuliko hizo mbili. Programu za kuhariri hupenda kufanya kazi katika mtaa mpana. Ukieksipoti kwa ProPhoto, na programu inayofungua picha upande wa pili haijali jina la mtaa, itazisoma namba zako kana kwamba ni za sRGB. Matokeo yake ndiyo hayo majivu.

Kwenye dirisha la kueksipoti tafuta sehemu ya nafasi ya rangi, uchague sRGB, na uruhusu profaili (ndiyo hilo jina la mtaa) iambatanishwe ndani ya faili. Kwa picha zote zinazoishia kwenye skrini fanya hivyo kila mara.

Kama unarekebisha faili lililokwisha kutoka, Photoshop ina amri mbili zinazochanganya watu. Moja inabandika profaili nyingine juu ya namba zile zile, yaani inabadilisha kibao cha mtaa na nyumba inabaki pale pale. Nyingine inageuza namba zenyewe ili rangi ibaki kama ulivyoiona. Unayoitaka ni hii ya kugeuza. Ukitumia ya kubandika utaharibu rangi kwa mara ya pili.

Naambiwa sina ruhusa ya kuandika, wakati kompyuta ni yangu mwenyewe.

Tumekwama kwenye kuandika. Fanya jaribio dogo kwanza: tengeneza folda tupu moja kwa moja kwenye diski C, iite «jaribio», na ueksipoti humo picha moja tu iitwayo «a». Ikitoka, picha yako na programu yako ni nzima, na tatizo ni ile njia uliyokuwa unatumia.

Sababu ninazozikuta ni chache. Windows ina kinga dhidi ya virusi vya kudai fidia ambayo, ikiwashwa, huzuia programu isiyoitambua kuandika kwenye folda za Hati na Picha. Ingia kwenye mipangilio ya usalama uiruhusu programu yako kwa jina, usiizime kinga yote. Kwenye Mac, angalia kama diski ya nje imefomatiwa kwa NTFS, mfumo wa Windows: Mac huisoma lakini haiiandikii. Na majina nayo: Windows haikubali nukta mbili, alama ya kuuliza, nyota wala mkwaju (/) kwenye jina la faili. Jina kama «Familia 12/08: mwisho?» lina makosa matatu kwa mkupuo. Njia nzima yenye folda ndani ya folda ikizidi herufi 260 pia huleta tabu katika programu nyingi.

GIMP kila nikihifadhi inanipa XCF. JPEG iko wapi?

Tangu toleo la 2.8 la mwaka 2012, GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, imetenganisha kuhifadhi na kueksipoti. Kuhifadhi ni XCF, faili la kazi lenye leya zako zote. JPEG na PNG ziko kwenye amri ya kueksipoti, kwenye menyu hiyo hiyo ya faili. Tunza zote mbili.

Nembo isiyo na mandharinyuma inatoka na boksi jeupe.

Umeitoa kwa JPEG, ambayo haina uwazi. Tumia PNG.

Fomu ya mtandaoni inataka picha isizidi KB 200. Nikiweka ukomo huo, programu inagoma.

Inagoma kwa sababu unaitaka ibane pikseli milioni 24 ndani ya KB 200, na ubora hauwezi kushuka kiasi hicho. Punguza vipimo kwanza. Ukipunguza kila upande kwa nusu, pikseli zinabaki robo. Weka pikseli 1000 upande mrefu, ubora kati ya 70 na 80, kisha tazama. Ile namba ya 72 au 300 kwa inchi haipunguzi uzito wowote kama idadi ya pikseli haibadiliki, kwa hiyo iache ilivyo.

Baadhi ya picha zinatoka na mistari ya zambarau, nyingine nusu ya chini ni kijivu. Picha yake ndogo ya kutazamia inaonekana nzima. Je, zimepotea?

Bado sijui, na wewe usikate tamaa mpaka tumefanya jaribio hili. Chukua picha moja yenye kasoro, uieksipoti mara mbili kwa majina tofauti, uziweke ubavuni kwa ubavu na uzikuze.

Mistari ikihama, yaani ya kwanza iko juu na ya pili iko katikati, faili la asili huenda ni zima. Kinachokosea ni kompyuta wakati wa kukokotoa. Zima matumizi ya kadi ya grafiki kwenye mapendeleo ya programu ujaribu tena. Ikipona, sasisha draiva ya kadi hiyo, yaani programu inayoiendesha. Isipopona, pima RAM kwa programu ya uchunguzi iliyomo ndani ya Windows, na ubadilishe kebo kama picha ziko kwenye diski ya nje.

Kasoro ikibaki pale pale mara zote mbili, faili lenyewe limejeruhiwa, pengine lilipokuwa linanakiliwa. Ile ndogo inaonekana nzima kwa sababu ni JPEG ndogo ambayo kamera huiweka ndani ya faili la RAW (faili ghafi la kamera), na sehemu hiyo haikuguswa. Maana yake ni kwamba hata hali ikiwa mbaya kabisa, hiyo JPEG inaweza kuchomolewa ikabaki kumbukumbu.

Sasa swali langu kwako: kadi ya kamera umeshaifomati? Kama bado, itoe kwenye kamera sasa hivi, usipige nayo hata picha moja. Sogeza kile kifungo kidogo cha pembeni kuizuia isiandikwe kama kipo, tafuta kisomaji kingine cha kadi na kebo nyingine, unakili picha upya kwenye folda tupu, kisha ufungue ile ile iliyokuwa na mistari.