Usichague Mada Moja

Uliza watu hapa Nakuru jinsi ya kuanza kuandika maoni yako mtandaoni, na wengi watakujibu vilevile: chagua mada moja, uishikilie. Kama ni mpira, mpira tu. Kama ni mapishi, usiguse siasa. Ushauri huo unamfaa mwenye kitu cha kuuza. Wewe unayetaka kusema tu unachofikiri, achana nao.

Mimi huandika kuhusu mpira, ziwa letu, matatu na, siku nikiudhiwa, bei ya makaa. Wasomaji hawajalalamika, kwa sababu wanaorudi huja kusikia nitasema nini, hata kama safari hii ni makaa. Isitoshe, mambo yenyewe yanaingiliana. Anza na mechi ya Gor Mahia, timu yenye mizizi kwa Waluo, na AFC Leopards, yenye mizizi kwa Waluhya, ueleze kwa nini tunaiita debi ya Mashemeji. Kabla hujafika kwenye bao la kwanza utajikuta katikati ya ndoa za Waluo na Waluhya, unazungumzia mahari.

Ninachokazania zaidi ni kwamba maoni yabebwe na kitu. Chukua Ziwa Nakuru. Ukiandika kwamba flamingo wametoroka na serikali imelala, umemaliza. Msomaji hana cha kujifunza wala cha kukubishia. Lakini mweleze kwamba maji yamepanda kwa zaidi ya miaka kumi sasa hadi yakafunika lango kuu la zamani la mbuga. Mweleze kwamba maji ya mvua na mito yakizidi, magadi ya ziwa huzimuka, mwani ambao ndege hawa huula hupungua, nao wengi huhamia Ziwa Bogoria. Hapo ukisema kwamba mji uliopewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021 uache kujinadi kwa ndege wanaokuja na kuondoka, hata asiyekubaliana nawe atabidi afikirie kwanza. Ndiyo maana mimi husoma na kuuliza kwa siku kadhaa, kisha kuandika kunachukua jioni moja.

Vifaa visikusumbue. Blogger na WordPress, tovuti za kuchapishia makala, zote zina huduma ya bure, na simu uliyo nayo inatosha. Andika rasimu bila bando, uilaze, uisome tena asubuhi. Jina la tovuti la kulipia linaweza kungoja. Kabla hujamtangazia mtu yeyote, uwe na makala kadhaa tayari, na zihusu mambo tofauti, ili msomaji ajue tangu mwanzo kwamba huku kuna mchanganyiko.

Pesa? Usiziweke kwenye hesabu ya kodi ya nyumba.

Kuhusu watu, kuwa mwangalifu. Mnamo Februari 2017 Mahakama Kuu ya Kenya ilibatilisha kifungu kilichofanya kuchafuliana jina kuwa jinai, lakini aliyechafuliwa bado anaweza kukushtaki akidai fidia. Sheria ya mwaka 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta nayo ilipopitishwa iliweka adhabu kwa kusambaza habari za uongo kwa kujua. Kwa hiyo kama makanga amekukasirisha, eleza kilichotokea ndani ya matatu, nauli ilivyopandishwa mvua ilipoanza, na abiria walivyonyamaza. Jina lake na namba ya gari wapelekee polisi au sako yake, yaani chama kinachosimamia matatu hiyo.