Ukitoka zamu ya usiku, usikae kuutazama mlima

Miaka miwili nilikanda unga usiku katika kiwanda kidogo cha mikate hapa Moshi. Nikitoka saa kumi na mbili asubuhi napita kwa muuza kahawa, vikombe viwili na kashata, mlima umejifunua na jua linaanza kuigusa theluji ya Kibo. Hiyo ndiyo ilikuwa raha yangu. Nikifika nyumbani Majengo, usingizi hauji. Najigeuza kitandani mpaka adhuhuri, jioni narudi kazini mwili umelegea. Usiku mmoja nilishika bati la tanuri kwa mkono mtupu. Kovu liko kiganjani hadi leo.

Niliilaumu kahawa, nayo ilichangia. Lakini mkosaji mkubwa ni mwanga ule wa asubuhi.

Ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale neva za macho mawili zinapopishana, kuna seli za neva zipatazo 20,000. Hizo ndizo saa kuu ya mwili, na kila seli ina majira yake. Jeni, yaani maelekezo ya urithi ndani ya seli, huagiza protini. Protini zikijaa huizuia jeni isiagize tena. Zikichakaa, agizo linaanza upya. Mzunguko mzima ni kama saa 24. Nililielewa kwa kufikiria duka la mikate: rafu zikijaa haliagizi, zikibaki tupu linapiga simu. Wanasayansi Wamarekani Hall, Rosbash na Young walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2017 kwa kuuchambua utaratibu huo katika inzi wa matunda. Tena si neva peke yake: astrosaiti, seli zilizodhaniwa zamani kuwa wahudumu tu, nazo hushika majira. Neva za pale huchangamka mchana, astrosaiti usiku.

Saa hiyo hurekebishwa na mwanga. Ndani ya jicho, kwenye utando wa nyuma, kuna seli zinazopima mwanga na kupeleka habari moja kwa moja kule ndani. Zikiripoti kumekucha, melatonini, homoni ya usiku, inazimwa. Nami nilikuwa nazipa ripoti hiyo kila siku, dakika chache kabla ya kulala!

Kwa hiyo ndugu yangu mlinzi, muuguzi, mwokaji: toka kazini na kofia pana na miwani nyeusi, upande daladala. Ukiwa unaendesha pikipiki mwenyewe, acha miwani, usije ukasinzia barabarani. Kahawa ya mwisho iwe saa sita usiku. Chumbani nilishonea blanketi nyuma ya pazia, na upenyo wa juu ya mlango nikauziba kwa kanga kuukuu. Mama mwenye nyumba nilimweleza kwa adabu, akahamishia kinu chake nyuma ya uwa. Siku za mapumziko usirukie ratiba ya mchana yote. Mimi nalala saa tisa usiku, naamka saa tano.

Kahawa yangu na mlima nimevihamishia saa kumi na moja jioni, kabla ya kuingia kazini, maana mwanga wa saa hizo unanichangamsha. Siku nyingi Kibo hujifunua tena muda huo.