Achilles na Socrates, nani mtu bora?

SWALI: Mhariri habari za kazi. Nipo chuo, kwenye somo la falsafa mwalimu katuambia Wagiriki wa kale mwanzo mtu bora kwao alikuwa shujaa wa vita kama Achilles, baadae akawa mwanafalsafa kama Socrates. Mbona hawa ni mbingu na ardhi? Mmoja anaua watu, mwingine anauliza watu maswali sokoni! – Msomaji, Dodoma

JIBU: Asante ndugu yangu. Mwalimu yuko sahihi ila hawa wawili wako karibu kuliko unavyodhani.

Achilles wa Homer, mshairi wa kale aliyetunga utenzi wa Iliad, aliagizwa na baba ake Peleus kwamba awe wa kwanza siku zote na awapite wenzake. Mama ake akamweleza ana njia mbili, apigane Troy, mji ambao Wagiriki walikuwa wanaushambulia, afe kijana jina lidumu, au arudi kwao azeeke bila kusikika. Sasa ona, Agamemnon, mkuu wa jeshi la Wagiriki, anamnyang'anya Briseis, mwanamke mateka aliyepewa kama tuzo yake ya vita, Achilles anaona kavuliwa nguo mbele ya jeshi zima basi anagoma kupigana, wenzake wanakufa huko na yeye wanamkuta kwenye kibanda chake anapiga kinubi na kuimba sifa za mashujaa. Yaani heshima yake wanayo watu, wakiipunguza anabaki hana kitu. Mpaka rafiki ake Patroclus auawe na Hector, mwana wa mfalme wa Troy, ndo anarudi vitani.

Socrates nae alikuwa askari, hili wengi wanalisahau, alipigania mji wake wa Athens kwenye vita vya Potidaea, Delium na Amphipolis. Delium mwaka 424 K.K. jeshi la Athens lilipigwa likatawanyika, na Plato, mwanafunzi wa Socrates, kwenye maandishi yake anamsimulisha Alcibiades, aliyekuwepo vitani, jinsi Socrates alivyorudi nyuma taratibu pamoja na jenerali Laches, macho huku na huku, adui akimwona tu anajua huyu ukimgusa utakiona.

Mwaka 399 K.K. Socrates ana miaka 70, kashtakiwa kwamba haamini miungu ya mji na anaharibu vijana. Akijitetea mahakamani anasema mtu anaweza kumuuliza, huoni aibu kuishi maisha ya kukuletea kifo? Na anajibu kwa kumtaja Achilles! Kwamba aliambiwa na mama ake ukimuua Hector na wewe utafuata, akachagua kufa kuliko kuishi bila kumlipia kisasi rafiki. Afu anaongeza kwamba yeye alikaa Potidaea pale makamanda walipompanga, sasa kazi ya kuhoji watu kapangiwa na mungu, ataikimbiaje?

Kwa hiyo ujasiri ni uleule, mimi naona kilichohama ni aibu. Achilles anaona aibu kudharauliwa, Socrates anaona aibu kutenda dhulma hata kama mji mzima unashangilia. Mwaka 406 K.K., baada ya vita vya baharini vya Arginusae, watu walitaka majenerali wahukumiwe wote kwa kura moja kinyume cha sheria, na Socrates aliyekuwa kwenye kamati ya kuongoza kikao akakataa huku watu wanapiga kelele akamatwe nae. Pale hakuna mshairi wa kumwimbia, na kwangu mimi huo ndo ushujaa mkubwa zaidi.

Plato mwenyewe alimwogopa Homer. Kwenye kitabu chake cha Jamhuri anataka ufutwe ule mstari ambapo Achilles yuko kuzimu anasema bora awe kibarua wa maskini kuliko mfalme wa wafu wote, eti walinzi wa mji wataogopa kufa. Hapo simuungi mkono kabisa, maana mstari ule unaonyesha Homer nae alishaanza kuuliza kama sifa zina thamani ya uhai. Na karibu na mwisho wa Iliad mzee Priam, mfalme wa Troy na baba wa Hector, anabusu mikono ya Achilles iliyowaua wanae, anaomba mwili wa Hector, na muuaji analia nae. Soma kitabu cha 9 na cha 24 cha Iliad, afu soma utetezi wa Socrates mahakamani ulioandikwa na Plato siku hiyohiyo, halafu mpelekee mwalimu swali lako upya.